Mawimbi Kumi, Sekunde Mia Moja na Sitini

Mjomba Lukasi alisema sitamaliza wiki. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani kwetu Temeke, kipande cha mpingo kati ya magoti, patasi mkononi, akasema bila kuinua uso: "Bahari? Huyu? Huyu mvua ikinyesha anaingia uvunguni." Shangazi akasema nitarudi kabla kipande cha sabuni nilichonunua hakijaisha. Jirani yetu katekista, mtu wa maneno machache, alisema tu kwamba ofisi za serikali zinataka watu waliosoma, na mimi nimeishia darasa la nane. Miaka michache baadaye, niliposema nakwenda Ulaya kusomea diploma, walicheka wote, na safari hiyo walishikana mabega wasianguke.

Nawaandikia haya nyie vijana mliobaki kituoni, mnaokaa sasa kwenye meza yangu na kulalamika kwamba droo ya chini haifunguki. Haifunguki kwa sababu mnaivuta. Inyanyue kwanza, ndipo uivute. Nimestaafu, na sitaeleza vyeo wala mishahara. Vyeo nilivipata vyote vilivyokuwapo, na anayebisha aangalie picha zilizoko ukutani. Nataka kueleza kazi yenyewe, na jambo moja nililolifanya kwa raba ya kufutia penseli.

Nilianza kama tarishi, Uhuru ukiwa bado mchanga, bendera mpya bado haijapauka. Kituo chetu kilikuwa Mjimwema, ng'ambo ya pantoni. Kilikuwa chumba kimoja cha mawe ya matumbawe na paa la bati, kimeinuliwa kidogo ili mtu aone mbali. Juu ya paa kulikuwa na vikombe vinne vinavyozungushwa na upepo. Ndani kulikuwa na meza, darubini, simu ya kuzungusha mkono, na daftari kubwa la jalada jeusi tulilokuwa tukiliita Daftari la Bahari. Nje, mahali ambapo maji hayaishi hata yakikupwa, ilisimama nguzo ya chuma yenye alama nyeupe na nyekundu. Kazi ya kituo ilikuwa kuitazama nguzo ile mara nne kwa siku na kuandika bahari imeamkaje. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai na kupeleka bahasha mjini.

Mwangalizi wa bahari alikuwa Bi Tatu Salumu. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, mwanamke mwembamba, mkali wa macho, aliyefunga kilemba chake kwa nguvu kana kwamba anakwenda vitani. Yeye mwenyewe alianza pale kwa kufua na kupiga deki. Mwingereza aliyekuwa akipima wakati ule alikuwa na jicho bovu na hakutaka wakubwa zake wajue, basi akawa anamwambia Tatu amhesabie mawimbi huku yeye akiandika. Alipofungasha virago baada ya Uhuru, hakukuwa na mtu mwingine katika mwambao wote wa Temeke aliyejua kazi ile. Akamwachia kazi, na akamwachia saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde.

Siku yangu ya kwanza niliingia na sare ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikakata. Nikamwamkia, "Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndiye yule anayeingia uvunguni?"

Mjomba Lukasi alikuwa na mdomo unaovuka bahari bila pantoni.

"Ni mimi," nikasema.

"Hapa hakuna uvungu. Njoo uhesabu."

Akanipa darubini. Akanifundisha kwamba kilele cha wimbi la kwanza hakihesabiwi: kikigusa nguzo ndipo unapoanza kutazama saa, na hapo ni sifuri. Wimbi linalofuata ndilo moja. Ukifika kumi unatazama saa tena. Sekunde zote unazigawa kwa kumi, na hapo unajua muda uliopo kati ya wimbi na wimbi. Wengi wenu bado mnahesabu kile cha kwanza, nimewaona, mnajidanganya mmepima kumi kumbe tisa.

Baada ya siku kama tatu nikamwuliza mawimbi yanatoka wapi. Nilidhani atacheka. Akavua kanga aliyojitanda mabegani, akanipa pindo moja nishike, akaenda hadi mwisho wa chumba na pindo lingine. Akaukung'uta mkono mara moja. Mkunjo ukakimbia juu ya kanga hadi ukanigonga vidole.

"Kanga imekuja kwako?"

"Hapana. Bado umeishika."

"Basi na maji hayaji. Yanapanda, yanashuka, yanajizungusha palepale. Kinachokuja ni mtikisiko."

"Na anayetikisa?"

"Upepo. Lakini usitazame huu unaokupepea wewe hapa. Upepo wowote, popote ulipovuma."

Nilimwambia nimeelewa. Kwa kweli nilielewa nusu, na nusu nyingine iliningoja miaka saba.

Bi Tatu ndiye aliyenifundisha kujaza daftari. Sheria ilikuwa hivi: mwangalizi anaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukipata chumvi na unyevu unatambaa. Kisha mkaguzi anapitia, anatia sahihi fupi kwenye safu ya mwisho, na jioni namba zinapitiwa kwa wino. Kila mstari ulikuwa na sahihi mbili, ya aliyeona na ya aliyekagua. Pale hapakuwa na mkaguzi, basi alikuja bwana mmoja kutoka mjini kila wiki, akatia sahihi mistari yote kwa mkupuo mmoja huku akila maandazi yetu. Bi Tatu hakupenda. "Anakagua maandazi," alikuwa akisema.

Yeye alikuwa na daftari lake jingine, la shule, la mistari, alilolinunua kwa pesa yake. Kila alichoandika kwenye lile kubwa alikinakili humo nyumbani kwake. Nilipomwuliza kwa nini, alisema anapenda kusoma bahari ya mwaka jana akiwa anangojea wali uive.

Zikaja nafasi za masomo nje. Niliomba, nikafanya mtihani, nikapita, na Mjomba Lukasi akanyamaza siku nzima, jambo ambalo uani kwetu lilidhaniwa ni homa. Lakini sikuwa na kitu cha kuvaa wala cha kubebea. Ndipo wale wale walionicheka wakanikopesha. Mjomba alinipa sanduku lake la bati lililokuwa na patasi. Katekista alinipa koti zito la sufu aliloachiwa na padri. Na Bi Tatu alivua saa mkononi.

"Chukua. Huko kila kitu wanakwenda kwa dakika. Utarudi nayo."

"Nitarudi nayo dada. Naapa."

"Usiape. Rudi nayo."

Nilikaa miaka mitatu kwenye mwambao wa Bahari ya Baltiki. Sikujua lugha yao nilipofika. Nilipoondoka nilikuwa nikiwasahihisha. Kati ya wageni wote nilikuwa wa kwanza, na kati ya wote pamoja na wenyeji nilikuwa wa pili, na aliyenishinda alilelewa na baba nahodha. Nilijifunza kwamba wimbi linataka mambo matatu: nguvu ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa maji wazi ambayo upepo umeyapitia. Upepo ukipewa vyote vitatu, unajenga mawimbi makubwa yenye nafasi ndefu kati yake. Ukinyimwa kimoja, yanakuwa madogo na ya haraka haraka. Nilijifunza hesabu zake, na hadi leo nazifanya kichwani.

Ila kuna kitu sikukiona kwa wakati, na ninataka mkione nyie. Bahari niliyofunzwa ilikuwa kama beseni. Imezungukwa na nchi. Mawimbi yake ni ya upepo wa palepale, sekunde tano, sekunde sita, na upepo ukilala bahari nayo inalala kabla hujamaliza chai. Kitabuni kulikuwa na sura moja kuhusu mawimbi ya mbali, yanayozaliwa na dhoruba katika bahari kuu na kusafiri siku kadhaa yakiiacha dhoruba yenyewe nyuma. Mwalimu aliigusa kwa saa moja, akasema kwao huko hayafiki. Mtihani haukuiuliza. Nami niliiruka.

Nikarudi. Azimio lilikuwa limeshatangazwa, kila mtu ni ndugu, na mimi nilikuwa Ndugu Msimamizi wa kituo. Nilishuka pantoni na koti la sufu begani kwenye jua lile, ili waone. Mtaani waliniita Bwana Diploma, wengine kwa heshima na wengine kwa namna nyingine, na mimi niliitikia zote.

Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo. Hapa ndipo ninapoanza kuona aibu. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka minne. Siku ile nilisimama nikangoja anisalimu yeye kwanza.

Akanitazama, akacheka kidogo. "Karibu Ndugu Msimamizi. Na saa yangu, imepata diploma na yenyewe?"

"Nitakuletea kesho," nikasema. Ilikuwa mkononi mwangu, chini ya mkono wa shati.

Wiki ile ile nilichora jedwali zuri kwa wino wa rangi mbili na kulibandika ukutani juu ya meza. Upande mmoja mwendo wa upepo, upande wa pili muda unaotarajiwa kati ya wimbi na wimbi. Nilimwambia Bi Tatu kwamba kuanzia sasa akipata namba iliyo nje ya jedwali, ahesabu upya.

"Na nikihesabu upya nikapata ile ile?"

"Hutapata ile ile."

"Haya," akasema. Neno lile lilikuwa fupi, lakini lilibaki chumbani siku nzima.

Basi, mradi wa gati. Wakazi wa Mjimwema waliamua kujenga gati dogo la mawe kwa kujitolea, ili mihogo, nazi na samaki viteremshwe bila watu kuzama hadi kiunoni. Kila Jumamosi walitoka wote. Wanawake walibeba mawe kichwani kutoka machimboni, wanaume walichimba na kupanga. Saruji ilikuwa adimu. Mwenyekiti wa mradi, Mzee Chande, mwenye duka la ushirika, alikwenda mjini mara nyingi mno kuiomba, hadi makarani wakawa wanajificha wakimwona. Mwishowe akaipata, mifuko ya kutosha kumwaga kichwa cha gati, sehemu ya mwisho iliyo mbali kabisa ndani ya maji. Kazi ile ilihitaji siku ya bamvu, maji yanapokupwa mbali kuliko siku nyingine, na ilihitaji bahari tulivu, kwa sababu zege bichi haliwezi kupigwa na wimbi.

Ilikuwa mwisho wa kaskazi. Asubuhi ile Bi Tatu alipima saa kumi na mbili. Mimi nilifika saa moja. Hewa ilikuwa imesimama kabisa. Vikombe juu ya paa havikuzunguka hata nusu, na moshi wa majiko ulipanda wima. Bahari ilikuwa imelala kama mafuta. Nikafungua daftari. Upepo: hakuna. Kimo cha mawimbi: chini ya goti. Mawimbi kumi: sekunde mia moja na sitini.

Kumi na sita kati ya wimbi na wimbi. Sikuwahi kuona namba kama ile maishani mwangu. Baltiki yote haina wimbi la sekunde kumi na sita.

"Bi Tatu, hii nini?"

"Ndiyo nilivyoona."

"Umeruka. Umehesabu moja, ukaacha moja. Ukigawa kwa mbili unapata nane, nayo pia ni kubwa, lakini walau inawezekana."

"Sikuruka. Nimehesabu mara tatu. Njoo utazame."

"Upepo haupo. Mawimbi yatatoka wapi?"

"Tazama nguzo, Bosko." Aliniita kwa jina, mara ya kwanza tangu nirudi. "Mie sijui yametoka wapi. Najua yapo. Madogo, lakini marefu. Yanapita chini ya maji kama mtu anayevuta pumzi."

Sikutazama nguzo. Nilitazama jedwali. Kisha nikachukua raba, nikafuta mia moja na sitini, nikafuta kumi na sita, nikapuliza vumbi, na nikaandika themanini mahali pa ile ya kwanza, na nane mahali pa ile ya pili, kwa penseli ile ile. Niliziandika kwa mwandiko wake, namba zikiwa zimelala kidogo kulia, ili ukurasa usichafuke. Nilikuwa napenda kurasa safi.

Bi Tatu aliona yote. Alisimama akanikodolea macho, kisha akaenda kuchemsha maji.

Kabla sijatia sahihi yangu kwenye safu ya mkaguzi, Mzee Chande akagonga. Viatu vyake vilijaa saruji.

"Bwana Diploma! Watu wako tayari. Bahari inatuambiaje?"

"Shwari, mzee."

"Shwari ya kumwaga zege?"

"Hata kama ungetaka kutandika kitanda."

Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka. Nami nikatoka naye kwenda kuonekana. Daftari likabaki wazi mezani, na safu ya mkaguzi tupu.

Saa nne maji yalikuwa yamekupwa hadi mwisho. Watu walisimama kwa mstari kutoka ufukweni hadi kichwa cha gati, wakipokezana karai za zege na kuimba. Mbele kabisa alikuwa fundi Selemani, kijana wa Kilwa, mwashi hodari kuliko wote Kigamboni, amesimama ndani ya boma la mbao akilisawazisha zege kwa mwiko. Kando yake kulikuwa na mapipa mawili yaliyojazwa mawe, ya kushikilia mbao zisisukumwe.

Niliona maji yanaondoka. Yalikuwa yameshakupwa, lakini yakaondoka tena, mbali zaidi, mpaka majani ya baharini yakalala uchi na kaa wakakimbia. Baadhi ya wanawake wakacheka, wakaanza kuokota kaa. Kisha mstari ukainuka mbali, laini, bila povu, kama mkunjo wa kanga. Wimbi refu likiwa kwenye kina halionekani. Likikanyaga sakafu ya bahari ndipo linapopungua mwendo na kusimama. Mimi najua hivyo. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani.

Nilipiga kelele. Wengi walikimbia. La kwanza lilibeba karai na mifuko. La pili lilikuwa kubwa zaidi, likang'oa mbao zote kwa pamoja, na pipa moja likaviringika juu ya mguu wa Selemani. Kati ya wimbi na wimbi kulikuwa na utulivu mrefu, maji yakirudi polepole, na katika utulivu ule nilitazama saa mkononi mwangu. Sikukusudia. Mkono ulijifunza hivyo. Zilikuwa sekunde kumi na tano na kidogo.

Selemani alitolewa akiwa hai. Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Saruji yote ilikwenda, na gati halikujengwa tena. Siku chache baadaye habari zilifika kwamba kulikuwa na dhoruba kubwa kusini, upande wa Bukini, kisiwa ambacho vitabu vinakiita Madagaska. Upepo ulivuma kule, siku mbili tatu nyuma, sisi tukiwa tunajipepea kwa magazeti. Yale madogo marefu aliyoyahesabu Bi Tatu alfajiri yalikuwa watangulizi. Marefu husafiri haraka kuliko mafupi, hufika kwanza, na hufika yakiwa ya chini. Nyuma yake ndiyo huja makubwa yenyewe.

Kamati ya watu watatu ilikaa mjini, chini ya panka. Mwenyekiti wake alifungua daftari letu.

"Nani alipima?"

"Bi Tatu Salumu," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Na nani alikagua?"

"Safu iko tupu, ndugu mwenyekiti." Hiyo nayo ilikuwa kweli.

Akamgeukia. "Mama, umeandika nane. Wataalamu wanatuambia lazima ilikuwa zaidi ya hapo. Unasemaje?"

"Niliandika nilichoona."

"Basi uliona nane?"

Bi Tatu alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama nguzo, akingoja kilele kifike ili aanze kuhesabu. Mimi nikatazama panka. Lilikuwa na bawa moja lililopinda.

"Mie nimemaliza," akasema.

Walimhamishia ghalani kuhesabu mablanketi. Mimi nilipewa onyo la mdomo kwamba nisimamie watu wangu vizuri zaidi. Saa yake ilikuwa bado mkononi mwangu. Kuirudisha kungenilazimu nizungumze naye, basi niliivua, nikaitia kwenye droo ya chini, ile isiyofunguka.

Waangalizi waliofuata walijua yaliyompata. Hakuna aliyeandika namba iliyo nje ya jedwali. Miaka mingi daftari letu lilikuwa safi kuliko bahari, na halikuwa na faida kwa mtu yeyote. Nilipogundua hivyo nilichana jedwali, nikaanzisha safu mbili, moja ya mawimbi ya upepo wa hapa na nyingine ya mawimbi ya mbali. Na nikaweka ile sheria mnayoilalamikia, kwamba raba haiingii chumbani, na namba ikikosewa inakatwa kwa mstari mmoja mwembamba ili ya zamani ibaki inasomeka. Mnasema inachafua kurasa. Acheni zichafuke. Sasa mnajua sheria hiyo ilitoka wapi.

Selemani alifungua kibanda cha kushona viatu karibu na pantoni. Nilipita mbele yake asubuhi na jioni kwa miaka yote iliyobaki, na kila nilipopita alinyanyua sindano.

"Bwana Diploma! Bahari vipi leo?"

"Shwari," nilimjibu.

Alikuwa hanidhihaki. Alikuwa anadhani kosa lilikuwa la karani aliyeandika namba, na mimi ndiye niliyepiga kelele nikawaokoa wengine. Nilikuwa na miaka mingi ya kumrekebisha. Alifariki nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Siku niliyokabidhi funguo, niliinyanyua droo, nikaivuta, nikatoa saa. Kesho yake nilianza kurudisha vitu vya watu, vyote kwa siku moja. Sanduku la bati nililipeleka Tabata kwa mtoto wa Mjomba Lukasi, kwa kuwa mjomba alishatangulia. Akalifungua, akakuta nimeweka patasi mpya mbili, akasema, "Baba alisema hutarudisha." Koti nililipeleka Kinondoni kwa mjane wa katekista. Nondo walikuwa wamelila mgongoni, lakini alilipokea kwa mikono miwili akalinusa kola. Mchana nikafika Kibamba, mwisho wa mji kwenye barabara ya Morogoro, mahali ambapo bahari haionekani wala hainuki.

Bi Tatu alikuwa anachambua mchele ukumbini. Kilemba kilikuwa cheupe sasa, na kimefungwa vile vile.

"Shikamoo dada," nikasema kabla hajanyanyua uso.

Alichambua punje kadhaa. "Marahaba."

Nikaweka saa juu ya mkeka. Akaichukua, akaitia ufunguo, akaiweka sikioni. Kisha akainuka, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na daftari la shule lenye jalada lililong'oka. Alilifungua bila kutafuta. Kulikuwa na mstari wa siku ile kwa penseli, namba zimelala kidogo kulia: hakuna upepo, mawimbi kumi, mia moja na sitini, kumi na sita. Mwishoni kulikuwa na sahihi yake. Safu iliyofuata ilikuwa tupu.

"Ungewaonyesha hili," nikasema. "Siku ile. Kwa nini hukuwaonyesha?"

"Wangeniuliza kwa nini naweka kumbukumbu za serikali jikoni. Halafu nilijua kuna mtu mmoja chumbani anayejua. Nilikuwa namngoja aseme."

Alinipa kalamu ya wino.

"Kagua," akasema.

Niliusoma mstari wote kwa sauti, kama sheria inavyotaka, na nilipofika kwenye namba alisema "rudia," nikarudia. Kumi na sita. Kisha nikatia sahihi yangu. Ningependa kuwaambia mkono ulitetemeka, lakini haukutetemeka. Nilikuwa na mwandiko mzuri siku zote.

Bi Tatu alipuliza wino ukauke. "Selemani ulimwambia?"

"Alifariki, dada."

"Najua alifariki. Nakuuliza, ulimwambia?"

"Hapana."

Alifunga daftari, akavaa saa, akarudi kwenye mchele wake. Nilikaa kidogo, nikaona hakuna cha kungojea, nikaaga. Nilisimama kwenye kituo cha basi cha Kibamba nikiwa sina kitu cha mtu yeyote mkononi, kwa mara ya kwanza tangu niwe kijana. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo wowote, na mimi nilikuwa namsikia fundi akiniuliza bahari vipi leo.